Mkono Niliompa Ciakuthii

Igoki, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo matabibu wote tumeitwa semina ya baridi yabisi hapa Meru. Nani anasimama mbele kutufundisha? CIAKUTHII! Huyu huyu tuliyesoma naye, aliyekuwa anakopi majibu yangu ya mtihani! Sasa ni daktari bingwa wa viungo, na kila akifungua mdomo watu wanaandika. Nilimwonea wivu, sikufichi.

Akasema ugonjwa ukianza, ukiminya vifundo vya vidole mgonjwa anaruka. Mimi huyo, mkono juu: "Kwetu Timau kila mtu anaamka na vidole vinauma. Ni baridi tu!" Watu wakacheka. Weh, nilifurahi!

Akaniambia, "Basi niazime mkono wako, Kananu."

Nikampa kwa madaha. Akaminya kidogo tu. Igoki, nilipiga nduru! Mbele ya watu wote, nduru!

Hakucheka. Akashika ule wa pili, nikauma mdomo. Akauliza polepole, "Asubuhi vinakaza kwa muda gani?"

Nikauvuta mkono wangu. Wewe unajua siku hizi ni mzee wangu hunifungia vifungo vya blauzi.

Wakati wa chai akaniletea soda, ameshanifungulia. "Alhamisi njoo kliniki kwangu. Ukianza dawa mapema, vidole haviharibiki."

Nitaenda, Igoki. Nitaenda.

Lakini ile soda niliinywa nikiangalia vidole vyake tu. Vimenyooka vizuri, hata havijui kuuma ni nini.