Kovu Nisilokuwa Nalo

Dada yangu Mwanaidi,

Nakuandikia nikiwa kitandani, hapa hapa Guangzhou, hospitali ile ile walikokutoa kidole tumbo. Naogopa, dada.

Yale maumivu uliyoyaita deko yamepata jina, refu mpaka daktari akaona afadhali achore. Kuna mshipa mkubwa wa damu unaolisha tumbo, na juu yake ukano mgumu unaoubana. Nikila, tumbo linadai damu, na damu haipiti vizuri. Ni ugonjwa adimu. Miaka yote ile nilimeza dawa za vidonda vya tumbo bure. Kesho asubuhi wanaukata huo ukano.

Unakumbuka soko la Zhongda? Tukishapekua majora ya vitambaa tangu asubuhi, tulikuwa tunaingia kwa yule mama wa tambi. Nikila nusu bakuli najikunja, nawe unalivuta na kulimaliza. "Deka tu," ulikuwa ukisema, "mimi nanenepa kwa niaba ya wawili."

Msako ulipoanza, polisi wakidai pasipoti kila kona, ulinipitisha mtaa wa Zhanxi ukiwa umetangulia. Viza yako ilikuwa hai, yangu imekwisha. "Tembea kama mwenye viza," ulininong'oneza. "Wewe unatembea kama mwizi wa kuku." Nikacheka, tukapita.

Kisha ukaenda Tanga kusalimia, malaria ikakuchukua kwa siku nne. Sikuja kukuzika. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na mzigo wetu wote ulikuwa huku. Sijajisamehe mpaka leo.

Uliniachia jiko la umeme, sufuria mbili na kadi yako ya hospitali. Unajua tulivyo hapa, kadi ya mmoja inatibu nyumba nzima, maana Wachina wanasema sote tunafanana. Nikalazwa kwa jina lako. Wiki nzima nesi akiita Mwanaidi, naitika, na kila nikiitika naona kama nakusumbua kaburini.

Leo mchana daktari alikuja na faili lako. Akanipapasa tumbo chini, upande wa kulia. Akatazama faili, akatazama tumbo, akapapasa tena.

"Mei you," akasema. Hakuna. Neno lile lile la wauza vitambaa wakikunyima rangi unayoitaka.

Mama Glory, jirani yangu Mchaga anayenitafsiria, akanigeukia. "Mdogo wangu, anauliza kovu la kidole tumbo liko wapi."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikawaza, nikifia kwenye meza ya upasuaji wataandika umekufa wewe, na mama atapigiwa simu akuzike mara ya pili. Mimi, hatajua niliishia wapi.

"Mwambie faili hilo ni la marehemu dada yangu. Mimi ni Zuhura. Na viza sina."

"Hee! Nikishalisema halirudi, unajua?"

"Sema, Mama Glory."

Daktari alifoka, akatoka. Nilijua amekwenda kuita polisi. Nililia mpaka Mama Glory akanipa kanga yake nijifute. Kumbe alifuata fomu mpya. Akaniuliza kila kitu upya, dawa zinazonidhuru, magonjwa ya zamani, huku akiandika kwa hasira. Upasuaji uko pale pale, akasema, ila habari ya viza lazima aipeleke ofisini.

Kwa hiyo nikipona, huenda polisi wakanisubiri mlangoni. Bado naogopa, dada, sana. Ila angalau ninaogopa mimi mwenyewe.

Nesi ameikata ile bangili ya plastiki niliyovalishwa mkononi, yenye jina lako. Nimeiomba, nimeiweka chini ya mto. Pumzika sasa, sitakusumbua tena kwa kuitikia jina lako. Kesho wataita Zuhura. Niombee niitike wakinipeleka, na wakija kuniamsha, niitike tena.

Mdogo wako wa mwisho,
Zuhura