Ndege Miguu Juu

Ornella wangu,

Sombe inachemka ku mbabula ya makaa, uiangalie isiungue. Na sindano yako uliiacha kwenye kiti. Itoe kabla baba yako hajakaa!

Asubuhi nilikukaripia vibaya. Ulichukua pazia la mitumba lenye picha za ndege, ukanishonea gauni la kuvaa kwenye ubatizo, na miye nikaona tu ndege miguu juu kama wamekufa. Ukaenda kuchota maji ukilia.

~~Lifumue, ugeuze kitambaa.~~

Hapana, usifumue kitu. Ulipoondoka nililijaribu. Nikaketi kufunga viatu, nikatazama magotini: ndege wote wamesimama wima, wananiangalia.

Basi nimeenda nalo kanisani. Watu wa mtaa wetu wa Kilibula waone miguu juu. Vichwa umenishonea mimi.

Mama yako