Kiota Nilichokubomolea

Mdogo wangu Solange,

Ulipoondoka hapa Likasi mwaka jana, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, uliniachia kitenge cha buluu na picha yako na wanafunzi wako mmesimama kwenye daraja dogo la Koni. Kitenge nilikishona wiki ileile. Picha niliilaza kabatini, uso chini. Leo nataka kukueleza kwa nini, na nitakueleza mbele ya watu, kwa barua ya wazi, maana nilichokifanya nilikificha mno.

Unakumbuka nyumba yetu ya kambi pale Koni, karibu na mfereji? Papa akitoka zamu kwenye mashine za umeme masikio yake yalikuwa bado yamejaa mngurumo, akawa anatusemesha kwa sauti kubwa kana kwamba viziwi ni sisi. Chini ya daraja la mfereji waliishi mbayuwayu, wale wenye kofia ya rangi ya kutu na nyuzi mbili ndefu mkiani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wewe saba. Mimi ndiye niliyewaona kwanza. Ningeweza kulisema hili mwishoni kwa upole, lakini silali vizuri mpaka nilitangulize.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba hawajengi siku yoyote wanayojisikia. Walingoja mvua zilainishe udongo wa ukingoni, ndipo wakabeba tope kwa mdomo, donge moja moja, mpaka bakuli dogo likashika ukutani. Mwaka mvua ilipochelewa walikaa kwenye waya siku nyingi bila kazi, na walipotaga, yakawa mayai matatu badala ya manne. Nilimweleza Papa. Akaniletea daftari lenye jalada gumu.

“Andika, Régine,” akasema. “Kesho utasahau.”

Tulifunga kioo cha Mama kwenye ncha ya fimbo ili tuone ndani ya kiota bila kukigusa. Mimi nilishika fimbo, wewe ukahesabu. “Yaya, iko nne,” ulininong'oneza mimi dada yako mkubwa. “Nyeupe, na madoadoa kama chai.” Nikaandika maneno yako hivyohivyo. Siku hizo sikukuonea wivu. Nilikuwa na furaha kwamba kuna mtu wa kumwonyesha.

Wivu ulianza siku kifaranga kilipoanguka. Mimi nilikimbilia daftari, wewe ukamkimbilia ndege. Ulimfunika kwa viganja vyako akatulia, Papa akapita akakuona umepiga magoti pale kwenye matope. “Huyu mutoto iko na mikono ya docteur,” akamwambia Mama. Tangu jioni ile, mgeni akija nyumbani ilikuwa “Solange wangu na bandege yake.” Nilisimama mlangoni, daftari kifuani, nikingoja aseme na langu. Hakusema. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa ameona kitu kizuri akakisifu, basi.

Papa alipougua tukahamia Kikula, hapa Likasi, na ikabidi mmoja wetu abaki kumtunza pamoja na Mama. Hakuna aliyenilazimisha. Niliulizwa, nikasema ndiyo, kisha nikawachukia wote kwa kuniamini. Wewe ukaenda Lubumbashi kusoma, kisha Ulaya, mimi nikakaa kwenye cherehani. Siku tatu kabla hajafa nilikuwa nimemshikia Papa kikombe cha uji, akaniuliza, “Solange anafika?”

“Miye niko hapa, Papa.”

“Nayua weye uko. Ninauliza Solange.”

Sikuwahi kukuambia hilo. Uliponipigia simu ukilia kwamba hukuwahi kumzika, nilikuambia alikufa kwa amani. Kweli, alikufa kwa amani. Sehemu nyingine niliibakiza iniume mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo usilolijua kabisa. Mwaka uliofuata mazishi, mbayuwayu wawili walikuja kujenga barazani kwangu, juu ya pale ninaposhonea, kwa sababu ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba. Nikachukua daftari la zamani nikaendelea kuandika. Lilipojaa nikanunua lingine. Sasa yapo matano, Solange. Tangu mwaka ule hakuna msimu nilioukosa. Nimeandika siku ya mvua ya kwanza, siku ya donge la kwanza, mayai, vifaranga walioruka na walioanguka.

Niliona mambo yakibadilika nikiwa nimekaa kitini. Malori yalipoongezeka barabarani, vumbi likawa linatua hadi kwenye majani ya nyuma ya nyumba. Watu wakaanza kuosha mawe ya madini huko juu ya kijito, maji yakabadilika rangi, na wale wadudu wadogo wanaorukaruka juu ya maji wakapungua. Zamani jike alikuwa akienda na kurudi kabla sijamaliza kushona pindo moja. Sasa namaliza gauni, vifaranga bado wanalia. Msimu mmoja wa njaa niliokota unyoya wa mkia wa mtoto aliyekufa, nikaona mstari hafifu umeukata katikati, na ulipopindwa, ukavunjika palepale. Niliubandika kwenye ukurasa. Sikujua unaitwaje. Nilijua tu kwamba ndege huyo alilala na njaa wakati unyoya ule ulipokuwa ukiota.

Ndipo mwaka jana ukapiga simu. Ulikuwa umesharudi Lubumbashi, mwalimu wa chuo kikuu, na utafiti wako ulikuwa juu ya mbayuwayu walewale. “Yaya, nakuja na wanafunzi,” ulisema. “Tutakula kwako.” Nilisema karibuni. Nilikata simu nikatazama juu. Jike alikuwa ameatamia mayai manne, baada ya miaka mingi ya matatu na mawili.

Nilikaa na wazo moja siku nzima. Utaingia hapa, utainua kichwa, na watakuwa wako. Utaweka kamera yako, utasema jina lao la kitaalamu, na wanafunzi wataandika. Ndege wa Koni ulishawachukua. Papa ulishamchukua. Nilibakiwa na hawa wawili.

Siku mbili kabla hamjafika, asubuhi, nilichukua mti wa ufagio nikakibomoa kile kiota. Kilianguka mara moja, kwa sababu tope lilikuwa bado bichi kwa ndani. Mayai yalipasukia kwenye kitambaa cha sare ya shule niliyokuwa nashona. Jike alizunguka chini ya bati akilia ile sauti yao fupi fupi, nikamfukuza kwa kanga. Kisha nikafua kitambaa. Nilipika chai nikainywa yote. Nakueleza hivi ili usifikiri nilipandwa na hasira nikapitiwa. Nilijua ninachofanya.

Mlikuja. Mlikula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, mkanisifu. Kijana mmoja mwenye miwani alikuuliza ulianzaje kupenda ndege. Ukajibu, “Nilikuwa na miaka saba. Nilikuwa nakaa chini ya daraja la Koni peke yangu, nikagundua kwamba wanangoja mvua.”

Peke yangu. Nilikuwa nimeshika sufuria, Solange. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kiti chako.

Baada ya kula uliinua macho ukaona alama ya tope ukutani. “Yaya, hapa kulikuwa na kiota?”

“Upepo,” nikasema.

“Na lile daftari letu la Koni, bado uko nalo?”

“Mchwa walilila.”

Uso wako ulishuka. Ukaanza kunieleza, taratibu, kama unavyowaeleza wao: kwamba mnampima ndege uzito, mnamvalisha pete ndogo mguuni, mnachukua tone la damu chini ya bawa, na kwamba ndege anayeishi kwenye kelele na vumbi damu yake hubeba alama za wasiwasi hata akionekana mzima. Anataga mayai machache. Wakati mwingine anaacha kiota. “Lakini sina miaka ya zamani,” ulisema. “Naona wanachelewa kutaga, naona kabisa, ila siwezi kuonyesha walianza lini kuchelewa. Hakuna aliyeandika.” Nikakuongezea chai. Madaftari yalikuwa chini ya kitanda, upande wa pili wa ukuta uliokuwa umeuegemea. Nilijisikia vizuri. Nakiri hilo pia. Kwa mara ya kwanza tangu Koni, wewe ndiye uliyekuwa ukingoja.

Wale ndege walirudi. Hilo sikulitegemea. Mlipoondoka tu mvua ikakatika, jua likakaza wiki nyingi, na udongo wa kijitoni ukawa mgumu kama tofali. Walitafuta tope mbali, sijui wapi, wakajenga upya mahali palepale. Jike alikuwa amekonda na uzi mmoja wa mkia wake ulikuwa umekatika. Alitaga mawili. Vifaranga walipotoka, bati lilikuwa likichemka kuanzia saa nne asubuhi. Niliwatazama wakihema midomo wazi, shingo zimenyooshwa nje ya ukingo wakitafuta hewa. Mmoja alijirusha kabla hajaota manyoya. Wa pili nilimkuta amekauka kiotani. Nilipanda juu ya meza nikalowesha gunia nikalitandika juu ya bati, lakini nilikuwa nimeshachelewa, na kuchelewa kwao kulikuwa kazi yangu.

Jirani yangu Mama Feza, anayeuza makaa sokoni, aliniuliza, “Mama Régine, bandege yako banaenda wapi?”

“Miye ndiye nilibafukuza,” nikamjibu. Alidhani natania, akacheka. Ndipo nikalia mbele yake, nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. “Kwa nini unaambia miye?” akasema. “Ambia mudogo yako.”

Nilitaka kukutumia madaftari bila barua. Kisha nikaona haiwezekani. Kwenye ukurasa wa mwaka jana ungesoma: mayai mawili, vifaranga wawili wamekufa kwa joto. Ungeuweka ukurasa huo pamoja na mingine, ungesema ni vumbi, ni ukame, ni bati. Ungewafundisha vijana uongo wangu bila kujua. Nilishika mkasi ili niutoe, nikaurudisha mezani. Badala yake nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu: “Kiota cha kwanza, mayai manne, kilibomolewa kwa mti wa ufagio. Régine.” Uusome kama ulivyo. Mwaka huo usiuhesabu, au uuhesabu upande wangu.

Binti wa Mama Feza anakuja Lubumbashi Jumatatu. Atabeba madaftari manne, yamefungwa kwa kitambaa cha sare. La kwanza lina mwandiko wangu wa utotoni, na humo utaona kila palipoandikwa “Solange amesema.” Nimeyapitia usiku na mchana wiki hii, sikupata ukurasa hata mmoja wa Koni ambao haukutaji. Nilikuandika kila mara. Ninachokuomba ni hicho hicho. Wakikuuliza tena ulianzaje, sema tulikuwa wawili.

Usifikiri wivu umeniisha. Jana nilisikia mtu redioni akizungumza habari za ndege, nikaganda na sindano mkononi, nikiomba isiwe sauti yako. Haikuwa yako, na nikaona aibu. Hivi ndivyo nilivyo sasa: nakupenda na bado naumia. Sijui kama kitu hicho kina dawa.

Mvua za mwaka huu zimeanza. Lile daftari la tano, la sasa, silitumi. Ukitaka kulisoma, njoo mwenyewe, siku ambayo huna kazi, bila wanafunzi, bila kamera. Nitakuwekea kiti barazani. Na kabla hujainua macho kutazama juu, niulize mimi habari zangu.

Nakuombea afya, wewe na nyumba yako yote.

Yaya yako,
Régine