Nyasi za Kengele ya Karani

Kambi ya mizinga ya nyuki, Ugalla
3 Agosti 1996

Mwanangu Emelyne,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba Mheshimiwa Karani amekula kandambili yangu ya kushoto. Mfiwa ni mguu mmoja. Mengine ni mazima, na shangazi yako huko Nsemulwa nadhani bado anakoroma salama.

Huyu mbwa uliyemlea kwa maziwa ya kikombe ana tabia za bosi. Habweki. Asipotaka kazi anakaa chini katikati ya njia, ananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa kazini. Ila kengele ya babu yako, ile aliyovuka nayo kutoka Burundi, anaiheshimu. Tukinyemelea mnyama naijaza nyasi shingoni mwake isilie. Nikizitoa anajua ametumwa, anatoka mbio kengele ikilia. Hajakataa hata siku moja.

Kuna simba anazunguka mizinga ya kusini. Mama yako pale Kasokola asijue. Isidori, mnunua asali anayekuletea barua hii, ameona nyayo. Siku hizi baiskeli yake haijui breki.

Baba yako

Nsemulwa
11 Agosti

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo, na Shangazi anasema hakoromi. Baba, simba si wa kuchekwa. Rudini Kasokola, wewe na Karani. Asali itasubiri.

Akikaa chini usimvute. Umesahau alivyokaa mlangoni kwetu, kumbe ndani kuna nyoka? Nyie wanaume mbwa akikaa mnasema mvivu.

Mwanao Emelyne

Ugalla
25 Agosti

Mwanangu,

Nipo. Karani amepotea. Alifukuza swala, hakurudi. Mbwa wa kuwinda hupotea. Namalizia kurina, nakuja.

Baba yako

Nsemulwa
28 Agosti

Shikamoo Baba,

Unaumwa? Barua yako haina hata utani mmoja, nimeogopa. Karani akisikia sauti yangu atatoka popote alipo. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na Isidori, nitamwita huko kwenye mizinga ya kusini. Usinikataze.

Mwanao Emelyne

Ugalla
1 Septemba

Emelyne,

Salamu baadaye. Usije. Isidori nimemwambia asikubebe. Karani hakupotea.

Ilikuwa asubuhi, tunaelekea mizinga ya kusini. Akakaa chini. Nikamtania, nikamvuta kamba. Hakusogea, manyoya yamemsimama mgongoni. Ndipo nikamwona simba jike chini ya mninga, karibu kama kutoka jikoni kwetu hadi mlango mkubwa. Anatutazama.

Miguu ilinikatalia. Mikono haikukataa. Niliinama, nikafungua kamba, nikatoa nyasi kwenye kengele.

Aliniangalia, mwanangu. Halafu akaenda.

Simba akaifuata kengele. Mimi nikapanda mti, kwa tumbo hili, sijui nilipandaje. Niliisikia inaelekea mtoni, inalia, inalia, kisha ikanyamaza. Simba bado yupo huku.

Wenzangu kambini wanasema mbwa alijitolea kumwokoa bwana wake. Nimewaacha waseme. Wewe ndiye uliyemlea, kwa hiyo ujue: yeye alikuwa amekaa chini. Nilimtuma mimi.

Baba yako