Zamu ya Mheshimiwa

Bweni la Wasichana,
Chumba cha Pembeni, Ghorofa ya Juu,
Chuoni.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa mbele ya cherehani yako, miwani umeisukuma juu ya kichwa halafu unaitafuta nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaitumia, au umeshawagawia majirani kama ile ya mwanzo? Na Baba Mdogo, kifua kimetulia? Mwambie vumbi la mbao halina urafiki na mtu. Afunge kitambaa puani hata kama maseremala wenzake watamcheka.

Mimi sijambo. Nasema sijambo kwa kuwa ndivyo tunavyosema. Homa niliyokuambia imekwisha, chakula kinapita, na usingizi ninao wa kutosha, hasa darasani. Ila nimechoka, Mama Mdogo. Nimechoka uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Utajiuliza kwa nini naandika barua wakati simu ninayo. Simu nimeikwepa makusudi. Ungeniita "mwanangu" mara moja tu, nami ningelainika, tukaishia kuzungumza habari za mvua. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi niseme kwanza lililonifanya nishike kalamu, maelezo yafuate: mwanao yuko hatarini kurudia mwaka, na aliyemtaja mbele ya mhadhiri ni mimi. Tafadhali usiiweke chini. Soma mpaka mwisho, halafu unikasirikie vizuri.

Huku kila kitu ni kazi ya kundi. Wanasema tutakapoajiriwa tutafanya kazi na watu, kwa hiyo tuzoee mapema. Mnapewa kazi moja, mnapata alama moja, aliyehangaika na aliyelala wanagawana sawasawa. Kundi letu lina watu wanne. Kuna msichana tunayemwita Kimya, na jina limemkaa. Kuna Mzee wa Slaidi, ambaye si mzee, ila hagusi kingine chochote isipokuwa slaidi, na hizo anazipamba utafikiri keki ya harusi. Kuna mimi. Na kuna Mheshimiwa wako, maana hata huku jina mlilompa nyumbani limemfuata. Anasalimia korido nzima kama mtu anayeomba kura.

Hakuna kundi lililokuwa likimgombania. Nilimchukua mimi. Ungenielewaje kama ningemwacha amesimama peke yake mbele ya darasa?

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kupima mtaro wa maji ya mvua nyuma ya karakana. Tulishinda juani, viatu vimejaa tope. Mheshimiwa alifika tunakunja vifaa, shati limepigwa pasi, akaomba ashike futi ya kupimia kidogo apigwe picha. Picha ilitoka nzuri, sikatai. Siku ya kuwasilisha ndiye aliyezungumza, na mhadhiri alitikisa kichwa kwa kuridhika. Ulimi huo ameutoa kwako.

Kwenye grupu letu la simu yeye ndiye wa kwanza kujibu. "Tuko pamoja, wapiganaji!" Ukimuuliza sehemu yake ya ripoti iko wapi, anakuambia iko jikoni. Basi naipika mimi na jina lake naliweka juu. Siku moja Kimya aliisoma, akanyanyua macho.

"Hii ameandika nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Mbona inaongea kama wewe?"

Nilijitia sikusikia.

Unajua kwa nini nilifanya hivyo, na sisemi haya kukusuta. Siku tunaondoka nyumbani ulimshika yeye mkono, ukanitazama mimi, ukasema, "Mwangalie mwenzako." Ulikuwa ukiniambia hivyo tangu shule ya msingi, kila asubuhi mlangoni, mpaka nyumba nzima ikaniita Kiranja. Mama yangu alipofariki ulinichukua, na tangu siku hiyo hukuwahi kunitenga na mwanao hata kwa kijiko. Hukunidai chochote. Kazi uliyonipa ilikuwa hiyo moja tu, na niliona aibu kuilegeza.

Sasa nikupeleke kwenye zege. Muhula huu kila kundi lilitakiwa kumimina boriti ya zege, ndogo tu, inabebwa na watu wawili. Ikishamiminwa inafunikwa magunia, na magunia yanamwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa majuma manne. Zege changa likikosa maji linakauka nje kabla halijashikana ndani. Mwishoni boriti inawekwa kwenye mashine na kuvunjwa, na mzigo iliouhimili ndio unaowapa alama. Tukagawana zamu, kila mtu juma lake. Juma la kwanza ndilo lenye hatari kuliko yote, na Mheshimiwa alilidaka kabla hatujamaliza kulitaja. "Niachieni mimi," alisema, na mkono ameuweka kifuani.

Asubuhi ya kwanza nilipitia maabara nikielekea darasani. Nilitaka kuchungulia tu. Magunia makavu. Ndoo ipo, bomba lipo, nikamwagilia. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Saa nne hivi Mheshimiwa naye hupita na simu yake, anaipiga picha boriti ikiwa imelowa chapachapa, anaituma kwenye grupu: "Mtoto wetu anaendelea vizuri, wapendwa." Kimya, masikini, akawa anamshukuru.

Halafu ile homa ikaniangusha. Nikiwa kitandani nilimwandikia: umemwagilia? Akajibu, "Usijali dada, mambo safi." Nilitaka kumwamini, basi nikamwamini. Nilipoweza kusimama, juma lake lilikuwa limekwisha. Magunia yalikuwa magumu kama ngozi, na juu ya boriti kulikuwa na nyufa nyembamba, za kutazama kwa karibu. Nikamwagilia, nikafunika, nikanyamaza. Kimya na Mzee wa Slaidi walifanya zamu zao bila kukosa, nami yangu. Nilikuwa naomba zege lisahau.

Halikusahau. Siku ya kuvunja, boriti yetu ilikatika kabla mashine haijaanza hata kunguruma sawasawa. Kundi lililokuwa nyuma yetu liliacha kucheka. Mhadhiri aliinama, akatazama pale ilipokatikia, akatuita ofisini pamoja na msimamizi wa maabara.

"Juma la kwanza lilikuwa la nani?"

"Langu, mwalimu," alisema Mheshimiwa bila kusita. "Lakini kila nilipopita nilikuta pamelowa. Nikajua mzee wa maabara ndiye anayemwagilia, nikaacha hata kupita."

"Mimi?" msimamizi alishangaa. "Kazi yangu kufungua mlango na kufunga."

Mama Mdogo, hakuwa anadanganya. Hilo ndilo lililonimaliza. Ninaujua uongo wake wote, nimekua nao chumba kimoja, na ule haukuwa mmojawapo. Kwa muda wote ule aliamini kabisa kwamba maji yanakuja yenyewe. Na nani aliyemfundisha hivyo kama si mimi na ndoo yangu?

Mhadhiri alisema basi, kundi zima litarudia mwaka. Mzee wa Slaidi akaanza kubishana. Kimya alitazama viganja vyake. Kwao wameshamwambia huu ni mwaka wake wa mwisho hapa, apite asipite anarudi nyumbani. Ningenyamaza, ningekuwa nimemzamisha msichana ambaye hakukosa zamu hata moja, ili mwanao asione aibu. Nikafungua mdomo. Nikasema maji yalikuwa yangu, ripoti zake zilikuwa zangu, na nyufa niliziona nikazifunika.

"Dada?" Mheshimiwa aliniita. Hilo tu.

Mhadhiri akaniuliza ni nani aliyeniomba nimfanyie kazi. Nikajibu hakuna. Sikutaka kukuingiza ofisini kwa watu.

Uamuzi wake ukawa huu: sisi watatu tumimine boriti nyingine, na mimi nipunguziwe alama kwa kuficha. Mheshimiwa amimine yake peke yake, amwagilie peke yake, zivunjwe siku moja. Yake ikishindwa, anarudia mwaka.

Jioni yake alinifuata kwenye geti la bweni. Nilijiandaa kwa matusi. Matusi ningeyamudu, ninayo ya kumjibu. Badala yake alisema, "Ungeniambia tu kwamba ni wewe unayemwagilia, ningekuja." Akageuka akaenda zake. Tangu hapo tunasalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Labda ni kweli angekuja. Labda ni ulimi ule ule. Nimeyapindua maneno hayo mpaka kichwa kinaniuma, na sijui.

Nikuambie na hili, maana si haki nikuletee mabaya yake peke yake. Nilimwona akichanganya zege lake uani. Shati la pasi, koleo mkononi, hajui hata amesimama upande gani wa upepo. Mara ya kwanza alizidisha maji, likawa uji. Watu waliokuwa karibu walimtania. Akalimwaga lote, akaanza upya. Jasho lilimtoka mpaka mgongoni. Hakukuwa na mtu wa kumpiga picha, na nadhani hata hakukumbuka kutafuta.

Boriti zetu mbili ziko maabara, zimelala sambamba, ya kwetu na ya kwake. Katikati pana nafasi ya mtu mmoja kupita.

Safari hii tunapokezana siku kwa siku, na jana ilikuwa zamu yangu. Nilimwagilia yetu mpaka magunia yakashiba. Kisha nikageuka, nikaona magunia ya upande wa pili yamekauka, na ndoo yangu bado ina maji. Mkono wenyewe ulishaanza kuinua, Mama Mdogo, umezoea. Nilimfikiria yeye alivyokuwa mdogo, tukilala kichwa kwa miguu. Nilikufikiria wewe, na jinsi utakavyowaambia majirani kwamba mwaka huu hamalizi. Ilikuwa ni kuinamisha ndoo tu. Labda angekuja baadaye kidogo. Labda alikuwa njiani. Nikayamwaga yale maji kwenye mtaro, yote, nikaiweka ndoo chini na kutoka. Nililia kwenye ngazi kama mtoto, watu wakinipita.

Leo sijaenda kutazama. Zamu ni ya Kimya, nami nimejikataza nisimuulize magunia ya jirani yakoje.

Barua hii anaileta yule dereva wa lori, jirani yenu wa nyuma, anaondoka kesho alfajiri. Itakufikia mapema, majuma ya kumwagilia yakiwa bado mengi. Nakujua. Ukifika mstari huu mkono utakuwa umeshaifuata simu, umpigie umwambie, mwanangu, kimbia maabara. Mama Mdogo, nakuomba kwa heshima zote, usimkumbushe. Mpigie umsalimie. Muulize kama amekula, mwambie unampenda, mpe habari za goti lako. Lakini maji usiyataje. Kama boriti itakatika, ikatike ikiwa yake. Na kama itasimama, nataka siku hiyo ajue kwamba hakuna mtu aliyepita kabla yake na ndoo.

Najua hili ni gumu kwako kuliko lilivyokuwa kwangu. Mimi nilikuwa na mtaro wa kumwagia, wewe huna pa kulimwaga. Ukiona huwezi, sitakulaumu, ila usiniambie.

Nisalimie Baba Mdogo, na Bibi mkumbushe kwamba yule aliyeko mbali na anayempenda kuliko wajukuu wote ni mimi. Kitinda mimba wetu mbusu mashavu yote mawili, hata akikimbia. Mama wa nyumba ya mbele mwambie gauni la kitenge alilonipa bado linanitembeza kifua mbele. Dada yangu wa dirishani, yule anayekusaidia kushona vifungo, mpe salamu za peke yake.

Mungu akulinde, akulegezee goti, na akupe moyo wa kukaa na simu pembeni bila kuishika. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitapokea yote. Sijaacha kuwa mwanao.

Mimi nikupendaye, hata kwa juma hili ambalo huenda wewe hunipendi sana,

Kiranja wenu