Yaya Zaina, Walipima Damu Yangu

Yaya Zaina,

Mvua imeanza hapa Kindu. Jana nilitwanga sombe, majani ya muhogo uliyoyapenda, nikakukumbuka, dada yangu mkubwa, hadi nikaacha kazi na kukaa chini.

Nina habari inayokuhusu. Watu wa laboratwari walikuja kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu. Hawakutafuta wagonjwa. Walitaka kujua nani kati yetu aliwahi kupata virusi vya mbu, hata kama ni zamani. Nikatoa mkono. Baadaye infirmiye, muuguzi wa kituo, aliniita, akasema damu yangu ina kingamwili za chikungunya, alama zinazobaki mwili ukishapigana na ugonjwa huo. Nikamwuliza ni ugonjwa gani.

"Njo homa ya mbu inayokamata muntu viungo," akasema.

Yaya, nililia mbele yake.

Unakumbuka wakati wa vita, uliponibeba mgongoni hadi porini, kule upande wa Kailo? Tukaugua pamoja. Mimi nilipona upesi. Wewe homa iliisha, lakini vidole vikakataa kushika mutwangio, na asubuhi ulitambaa kutoka kitandani. Shangazi akasema, "Huyu iko na uvivu tu." Uliniita nikukande magoti kwa mawese ya moto, na huku nakukanda ukaniimbia, nisisikie bunduki. Tulikuwa na njaa, tulikuwa na hofu, na bado siku zile karibu na wewe ndizo ninazozitamani.

Infirmiye alinionya: damu haisemi niliugua mwaka gani, na wewe ulishazikwa, damu yako haiwezi kupimwa. Najua. Lakini tulilala chini ya turubai moja, bila chandarua, tukiumwa na mbu wale wale.

Nikaenda kwa Shangazi. Amezeeka, macho yamepungua. Nilimweleza polepole. Akaweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Nilimuonea Zaina. Na yeye aliendelea kuniletea maji." Tukakaa tunakuzungumzia mpaka chai ikapoa.

Wanao wako kwangu. Mdogo amechukua kicheko chako, akianza hakuna anayeweza kumnyamazisha. Wakati mwingine nakisikia toka uani, nageuka nikidhani ni wewe…

Pumzika, Yaya. Nakuahidi jambo moja: siku mtoto wako akiniambia viungo vinamuuma, nitamwamini.

Mdogo wako,
Aziza