Fimbo za Shuka Lako

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam

Mdogo wangu Beno,

Hujambo, na wifi yangu hajambo? Wanangu wamepona surua? Mimi mwili mzima kabisa. Roho usiniulize, nitakueleza mwenyewe, karatasi ninazo za kutosha.

Barua yako ilinikuta kibarazani kwa Mama Jayesh, yule Mhindi mwenye duka la vitambaa aliyeniruhusu kuweka cherehani mlangoni kwake. Kazi ipo, tena tele. Siku hizi kila kitu ruksa, mitumba imemwagika Kariakoo nzima, watu wananunua suruali za Wazungu wenye matumbo halafu wananiletea nizipunguze. Basi nikaifungua barua na pini mdomoni. Nikasoma kwamba watu wa kanisa wamekuja kwako kuomba radhi kwa yale tuliyofanyiwa kituoni kwao, walipotulea baada ya mama kufa. Padri, sista na mzee wa kanisa. Wakavua viatu mlangoni, wakakaa mkekani, wakafungua kile kitabu cheusi cha adhabu na kusoma jina lako kila lilipoandikwa. Halafu padri akakushika mikono yote miwili, akasema, "Benedikto, tulikukosea." Eti ukalia, na tangu siku hiyo unalala usingizi.

Mama Jayesh akaniuliza, "Skola, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, mdogo wangu amepata heri. Nikatabasamu kabisa. Lakini nakuapia, Beno, suruali ya mtu siku ile niliikata mguu mmoja mfupi.

Ndiyo, nakuonea wivu. Afadhali niliseme kuliko kukuandikia hongera za uongo.

Kwani lile shuka lililolowa lilikuwa la nani? Lako. Na fimbo alikula nani? Umesahau, au furaha imekusahaulisha? Kila asubuhi Mlezi wa kituo alitupanga mstari uani, akainua shuka juu watoto wote walione, akamtaja mwenye kitanda. Kisha anauliza, "Nani anasimama?" Sheria yake ilikuwa hiyo: mdogo akikojoa kitandani, ndugu yake mkubwa anaweza kusimama akachapwa badala yake. Lakini kitabuni aliandika jina la mkosaji. Langu halikuandikwa hata siku moja, kitanda changu kilikuwa kikavu! Wewe ulikuwa na miaka sita, umening'ang'ania gauni kwa nyuma. Mimi nina kumi, natoa mikono. Hiki kidole changu cha kushoto kilichopinda, kinachonitesa nikivuta kitambaa, ni cha shuka lako.

Katika kurasa zako nne hukunitaja hata mara moja. Nimezisoma zote mara tatu nikijitafuta.

Usidhani nilikaa kununa tu. Ijumaa niliomba ruhusa, nikavaa lile gauni la kitenge nililojishonea Krismasi, nikaenda ofisi ya kanisa hapa mjini inayoshughulikia mambo yetu haya. Nikamkuta sista kijana, mpole, akanipa kiti na chai. Nikamweleza. Akafungua orodha waliyoinakili kutoka kitabuni, akashuka na kidole, akapanda, akashuka tena. Halafu akafurahi, Beno. Nakwambia akafurahi!

"Dada Skolastika, jina lako halimo humu. Wewe ulikuwa mtoto mwema. Mshukuru Mungu."

Mtoto mwema! Nikamwonyesha kidole. Akakitazama kwa huruma, akasema cherehani hizi zina hatari. Jamani! Nikamwambia, sista, kitabu chenu kinajua nani alikojoa, hakijui nani alisimama. Hapo akafunga orodha yake taratibu. Si mtu mbaya, nisimsingizie.

"Tumeagizwa twende kwa waliomo kitabuni," akasema. "Kwa asiyemo, tunahitaji mtu aliyeona kwa macho yake. Yupo?"

Nikamjibu yupo, na siku hizi analala usingizi.

Nilirudi Gerezani kwa miguu. Njia nzima nilikuchukia, sikufichi. Nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu: mikono ambayo haikuguswa na fimbo ndiyo iliyoshikwa na padri, na hii yangu inashika mitumba. Mwenzio mpaka leo alfajiri nikiamka, kwanza napapasa shuka kama limelowa, na kitandani nimelala peke yangu. Sitaki zawadi yao wala misa. Nataka waje hapa kibarazani, mbele ya Mama Jayesh na wateja na suruali zao, waseme, "Skolastika, tulikukosea." Nilisikie jina langu. Basi.

Najua ninachokuomba si kidogo. Wewe sasa ni mwalimu mkuu, unaongoza kwaya, watu wanakuamkia njiani. Itabidi useme kwa mdomo wako kwamba ulikuwa unakojoa kitandani, na dada yako akichapwa wewe umejificha nyuma ya gauni lake. Wifi atasikia. Wanakwaya nao watasikia tu, unawajua midomo yao. Na ile radhi uliyoombwa, nusu yake itakuwa yangu. Nusu nyingine baki nayo, sikunyang'anyi. Ulikuwa mtoto, ulitetemeka, nilikuwa nausikia mtetemeko wako mgongoni kwangu.

Mjomba aliyetupeleka kule akidhani anatuokoa, mpe shikamoo yangu, mwambie simlaumu. Shangazi anayekaa kwenu asiache dawa yake ya macho. Wifi mwambie gauni lake liko tayari, mikono nimeifanya mipana anavyopenda. Wanangu wabusu, na yule mdogo, akilowesha shuka, lianikeni juani mkae kimya.

Barua hii usiijibu. Nenda kwa padri. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umekuja kusimama.

Ni mimi dada yako, nisiyemo kitabuni,

Skolastika